Lori la mafuta likianguka, tukimbie mbali

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilianguka Sange, katika barabara ya Uvira kwenda Bukavu, Kivu ya Kusini. Wakaaji walikimbilia kuchota. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 230 walikufa. Wengi wao hawakuchota chochote: walikuwa karibu pale wakitazama mechi ya Kombe la Dunia.

Umaskini unaeleweka. Lita chache zikiuzwa kwa kadhafi ni chakula cha siku. Lakini mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukute jiko, sigara au injini ya pikipiki, kisha moto unarudi hadi kwenye lori.

Kwa hiyo dereva azime injini na kuwafukuza watu, waelekee kule upepo unakotoka. Polisi na shefu wa kijiji wafunge barabara kwanza. Hasara ya mwenye mzigo itahesabiwa baadaye. Na mzazi amwonye mtoto leo, maana lori likishaanguka, muda wa kufundisha umekwisha.