Mswada Si Kitabu

Kuna imani imeota mizizi kwetu kwamba mwandishi akishaandika sentensi ya mwisho ya riwaya yake, kazi imekwisha. Yaliyobaki ni ya mchapishaji. Yeye akae, asubiri siku ya uzinduzi. Imani hii si ya wasomaji peke yao. Waandishi wachanga wanayo, ndugu zao wanayo, na wapo wachapishaji wanaoipenda kwa sababu inawapunguzia usumbufu. Ni ya uongo, na inaziumiza riwaya zetu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari kisiwani Pemba, yuko katika miezi hiyo inayoitwa ya kusubiri. Mchana anafundisha. Usiku, vyombo vikishaondolewa mezani, anafungua mswada uliorudi kutoka kwa mhariri. Pembeni mwa ukurasa mmoja mhariri ameuliza: karafuu hizi zinaanikwaje wakati huu, na mvua uliyoieleza ni ya masika? Swali la mstari mmoja. Lakini mavuno yakisogezwa, harusi iliyogharimiwa kwa fedha za mavuno nayo inasogea, na mimba inasogea, na mtoto aliyezaliwa kabla ya baba yake kusafiri sasa anazaliwa baba hayupo. Sura nzima ya kuagana bandarini ikaandikwa upya, na sasa ndiyo sura bora kuliko zote kitabuni. Isingekuwepo kama angeamini kwamba alishamaliza.

Baada ya hapo huja prufu, yaani kurasa zilizopangwa ili zikaguliwe kabla ya kuchapwa. Programu nyingi za kupangia kurasa hazikijui Kiswahili. Kile kialama cha ng' kinageuzwa kuwa alama ya kufungia maneno ya msemaji. Nyumba inakatwa mwishoni mwa mstari, nyum inabaki juu, ba inashuka chini. Rafiki yangu anasoma kwa sauti, rula chini ya mstari, kwa sababu jicho la mwandishi husoma alichokusudia badala ya kilichopo. Wa nyumbani wakimkuta hivyo humuuliza, “Lakini si ulishamaliza, mwalimu?” Alipokuwa akiandika walimwachia utulivu wake. Sasa anaitwa kwenye kila kikao cha harusi, na akisema ana kazi haaminiki.

Wapo wanaonijibu kwa mfano wa Shaaban Robert. Riwaya yake ya Kufikirika aliiandika mwaka 1946, ikachapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake, na hadi leo inasomwa. Basi mwandishi anahitajika kwa lipi baada ya mswada? Mimi katika historia hiyo naona hasara tupu. Mhariri aliyekuwa na swali hakuwa na wa kumuuliza. Ama alijijibu mwenyewe, ama aliliacha. Nani anataka kumtendea hivyo mwandishi aliye hai, mwenye simu mkononi?

Tuzo nazo zimeikuza imani hii bila kukusudia. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo sasa ni Safal-Cornell, hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa, na ni jambo jema sana. Ila mswada ulioshinda bado ni mswada. Mshindi anayeona aibu kuguswa na mhariri kwa sababu majaji walishamsifu anajinyima mwenyewe.

Na wapo wanaoutoa mswada kwenye kompyuta na kuupeleka moja kwa moja kwenye mashine ya uchapaji, wakapata jalada linalong'aa na ndani makosa kila ukurasa. Simlaumu anayejichapishia. Milango ya wachapishaji wa riwaya ni michache, na wengi wao wanaishi kwa vitabu vya shule. Ninayemlaumu ni yule aliyemwambia kwamba mhariri ni anasa ya kukatwa kwenye bajeti. Heri kupunguza nakala mia moja na kumlipa mhariri.

Lawama kubwa zaidi naiweka kwa mchapishaji anayepeleka kitabu mtamboni bila kumwonyesha mwandishi prufu, eti asimsumbue. Mwandishi wa mara ya kwanza hunyamaza. Anaogopa kuonekana mkaidi, anaogopa kitabu kurudishwa. Kwa hiyo asiachiwe kuomba kama hisani. Mkataba utaje kwamba prufu zitaletwa kwake, utaje wiki atakazopewa kuzisoma, na utaje kuwa jalada halipiti kabla hajaliona. Sehemu ya malipo, kama yapo, itolewe katika kipindi hiki, ili mwandishi aliye mwalimu aweze kuacha masomo ya ziada ya jioni anayoyafundisha kuongezea mshahara. Nanyi ndugu wa nyumbani, mkimwona ameinamia karatasi zilezile za mwaka jana, kikao cha harusi kiendelezeni bila yeye.