Faili lipo, njia imekatika

Kasongo. Kijana anayeshughulikia takwimu katika ofisi moja ya afya hapa mjini alinigeuzia mashini yake: "Yaya, faili lipo, naliona kwa macho, lakini programu inasema halipo." Alikuwa amenakili njia kutoka Windows akaibandika kwenye Git Bash, dirisha la amri za mtindo wa Unix ndani ya Windows: C:\Rapports\Kabambare\mai.csv. Bash ikikutana na antislashi (\) huihesabu kuwa ulinzi wa herufi inayofuata, kisha huitupa. Programu ikapokea C:RapportsKabambaremai.csv, kitu ambacho hakipo kokote. Tukaifunga njia nzima kwa alama moja-moja za kunukuu, ripoti ikafunguka.

*

Ugomvi huu wa slashi (/) na antislashi una umri mkubwa kuliko kijana huyo. Unix inatenganisha folda kwa slashi tangu miaka ya 1970. MS-DOS ya 1981 haikuwa na folda zenye folda ndani, na slashi iliitumia kuonyesha machaguo ya amri. Toleo la 2.0 la mwaka 1983 lilipoleta folda hizo, slashi ilikuwa na kazi tayari. Microsoft ikachukua antislashi, nasi tunahangaika nayo hadi leo.

*

Zipo amri za kugeuza njia. Kwenye Cygwin, mazingira mengine ya mtindo wa Unix ndani ya Windows, kuna cygpath: -w hukupa njia ya Windows, -u ya Unix. Kwenye WSL, yaani Linux ndani ya Windows, ni wslpath. Diski C yenyewe huitwa /cygdrive/c kwenye Cygwin, /mnt/c kwenye WSL, na /c katika Git Bash. Ni kama kutaja Kasongo: mtu wa Maniema ataujua mji huu, wa Kwango atafikiri Kasongo-Lunda, na msomaji wa habari za mfanyabiashara Tippu Tip atakwenda Tongoni, Kasongo ya zamani.

Git Bash hugeuza njia bila kuulizwa, na hilo silipendi. Andika amri ya Windows taskkill /F, nayo itadhani umetaja diski, itapeleka F:/, Windows itakataa. Dawa ni kuandika //F, au kutanguliza MSYS_NO_PATHCONV=1. Mimi nachagua cygpath, kwa sababu naona kinachogeuzwa.

*

Klavye ya AZERTY ya Kifaransa imeficha antislashi kwenye kibonye cha 8, pamoja na AltGr. Ya Kibelgiji imeiweka karibu na W. Vidole vinachoka bure: Python na R kwenye Windows zinapokea C:/Rapports/Kabambare/mai.csv bila tatizo.

*

Kwa ndugu zangu wa Kabambare mnaotuma ripoti kwa flashi: folda yenye jina "Rapport Santé mai" itakatwa vipande vitatu kwenye Bash kila mtu atakaposahau alama za kunukuu. Iiteni rapport_sante_mai, bila nafasi wala aksenti. Anayepokea faili zenu huku ana vituo vingi vya kujumlisha, na umeme wa sola haumsubiri. Tafadhali anzeni na ripoti ya mwezi huu.