Maoni Yangu Juu ya Vitabu vya Twilight

Nataka kusema maneno machache juu ya vitabu ambavyo wengi wetu tumevisoma, au tumesimuliwa bwenini taa zikiisha kuzimwa. Ni vitabu vinne vya Stephenie Meyer, mwandishi wa Marekani: Twilight (2005), New Moon (2006), Eclipse (2007) na Breaking Dawn (2008). Wakubwa wetu waliokuwa hapa miaka ile watakumbuka jinsi vilivyogombewa. Nakala walizotuachia maktabani ni shahidi, maana majalada yameng'oka na kurasa zimekunjika pembe. Nimevisoma vyote vinne tangu mwanzo hata mwisho. Sikuona ajabu niliyoahidiwa, nami nataka kueleza kwa nini.

Kwanza nitoe haki kwa mwenye haki. Meyer amesema kwamba hadithi hii ilimjia katika ndoto mwezi wa Juni 2003. Alikuwa mama wa nyumbani mwenye watoto watatu wa kiume, wala hajapata kuchapisha kitabu. Mtu wa namna hiyo kuandika vitabu vilivyouzwa nakala zaidi ya milioni 100 si jambo dogo. Kitabu cha nne peke yake kiliuzwa nakala milioni 1.3 katika Marekani siku ya kwanza. Sinema tano zilitolewa kati ya 2008 na 2012. Nazo sura za mwanzo ni nzuri: mji mdogo wa Forks penye mvua nyingi, msichana mgeni, Bella Swan, aliyekuja kukaa na baba yake, mkuu wa polisi wa mji, na kijana Edward Cullen aketiye karibu naye katika somo la bayolojia, mzuri kupita wote, lakini chakula hakigusi. Ni nani asiyetaka kujua siri yake? Vijana wengi waliokuwa wavivu wa kusoma walimaliza kitabu cha kurasa karibu 500. Hiyo ni sifa ya haki.

Wahenga walisema, wengi wape. Nami nawapa. Lakini wingi wa wasomaji waonyesha kwamba kitabu chapendwa. Hauonyeshi kwamba kina uzito. Na mimi nilikuwa natafuta uzito.

Siri ya Edward ni kwamba yeye ni mnyonya damu. Alizaliwa Chicago mwaka 1901, akageuzwa mwaka 1918 alipokuwa karibu kufa kwa ule ugonjwa mkuu wa mafua. Basi ana umri wa zaidi ya miaka mia, naye angali anakwenda shule na watoto wa miaka 17. Wazee wetu nao walisimulia habari za wanyonya damu. Pwani waliitwa mumiani, na hapa Uganda bazimamoto, na mtu akilisikia jina hilo usiku alifunga mlango. Meyer amemwondolea mnyonya damu wake karibu kila kitu cha kutisha: hanywi damu ya watu ila ya wanyama, na jua halimdhuru bali humfanya ang'ae kama almasi. Sikatai, kila mwandishi ana ruhusa ya kubuni. Lakini akiisha kuondoa hofu, yampasa atie jambo jingine zito mahali pake.

Kwa kweli aliahidi kulitia. Bella ataka kugeuzwa awe kama Edward, nao wote wamwambia kwamba jambo hilo lina bei. Naihesabu bei yenyewe kama inavyotajwa vitabuni. Atawapoteza baba yake na mama yake, maana wapya hushikwa na kiu kali ya damu muda mrefu, wala hawawezi kukaa na watu. Hatapata mtoto kamwe. Atampoteza rafiki yake Jacob Black, kijana wa kabila la Quileute, ambaye hugeuka mbwa-mwitu na ni adui wa wanyonya damu. Mwisho, kuna hatari ya wakubwa wa wanyonya damu wakaao Volterra katika Italia, ambao hawasamehi mtu. Katika kitabu cha tatu dada yake Edward, Rosalie, amweleza Bella kwamba yeye mwenyewe asingalichagua maisha haya, na kwamba mpaka leo aona uchungu kwa kukosa watoto. Ukurasa ule niliusoma mara mbili. Nikasema, sasa hadithi imeanza.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini katika kitabu cha nne madeni yote yasamehewa, moja baada ya jingine. Bella apata mtoto kabla ya kugeuzwa, basi maneno ya Rosalie yamekuwa bure. Kiu ile kali aliyotishwa nayo aishinda karibu mara moja. Baba yake aja kumtembelea na kumpakata mjukuu. Jacob, aliyelia kwa ajili yake vitabu viwili, aponywa huzuni yake siku moja: roho yake yafungwa kwa mtoto yule mchanga, naye awa kama mtu wa nyumbani. Wakubwa wa Volterra waja na jeshi kubwa, wasimama juu ya theluji, wasema maneno mengi, kisha warudi kwao. Katika jamaa ya Edward na katika mbwa-mwitu hafi hata mmoja. Watengenezaji wa sinema nadhani waliona upungufu huo, maana katika sinema ya mwisho ya 2012 walitia vita vikali, kisha wakasema yalikuwa maono tu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kitabu cha kwanza chakaribia kurasa 500, cha nne chapita 700, na katika kurasa hizo zote sikuona mtu wa jamaa ile aliyelipa cho chote.

Mwandishi ataka tuwakumbuke Romeo na Juliet. Kitabu cha pili chawataja tangu mwanzo. Vema, tuwakumbuke. Wale wawili walilipa kwa roho zao, na jamaa zao hawakupatana ila mbele ya maiti. Sisemi kila hadithi ya mapenzi iishe kaburini. Arusi nayo ni mwisho mwema. Nasema kwamba furaha ya mwisho huwa tamu kwa kadiri ya kitu kilichoachwa nyuma. Mahali pamoja tu katika vitabu hivi niliona mapenzi yakimgharimu mtu. Katika kitabu cha pili Edward amwacha Bella, na kurasa zafuata zilizo tupu, zenye majina ya miezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Hapo mwandishi alijua kazi yake. Lakini baada ya huzuni ile Bella hapati kazi, wala elimu, wala wazo lake mwenyewe. Apanda pikipiki na kujitupa baharini kutoka jabalini, kwa kuwa akiwa hatarini husikia sauti ya Edward. Kisha Edward arudi, mambo yakaisha.

Kuna jambo la pili, nalo latuhusu sisi wavulana, ijapokuwa wengi husema vitabu hivi ni vya wasichana. Edward huingia chumbani mwa Bella usiku na kumtazama amelala, bila yeye kujua. Bella anapoambiwa afurahi. Katika kitabu cha tatu Edward angoa kipande cha mtambo wa gari lake ili asiende kumwona Jacob. Na anaposafiri kwenda kuwinda, amhonga dada yake Alice motokaa ya Porsche ili amlinde Bella asitoke. Ni kweli kwamba baadaye alegea na kumruhusu. Lakini mambo haya yasimuliwa kama dalili za mapenzi makubwa.

Nawaomba mlinganishe na Rosa Mistika, kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1971. Baba yake Rosa amlinda binti yake kwa fimbo, na kwa ajili ya barua ya mvulana ampiga vibaya sana. Rosa akiisha kwenda chuoni, mbali na macho ya baba, hajui kuutumia uhuru wake, naye aangamia. Kezilahabi aonyesha kwamba kumchunga mtu kama mbuzi si kumpenda, tena aonyesha ni nani alipaye. Kitabu chake ni chembamba, walakini nilipokifunga sikupata usingizi. Vile vinne vya Meyer nilivifunga nikalala vizuri.

Wengine watasema, "Ndugu, hiyo ni hadithi tu ya kupumzisha akili. Mbona waihukumu kama mtihani?" Nami najibu kwamba hadithi za kupumzisha akili ndizo zinazoingia ndani bila kubisha hodi. Wakati wa likizo nimemsikia mvulana wa rika langu akijivuna kwamba kila jioni huipekua simu ya msichana wake, na msichana hukubali, "kwa sababu nampenda." Sisemi alijifunza hayo kwa Edward, huenda hajasoma kitabu cho chote. Lakini kama angalikisoma, angaliona amesifiwa. Kitabu kinachopendwa na mamilioni ya vijana kilikuwa na nafasi ya kumwuliza yule mvulana swali moja gumu, nacho hakikumwuliza.

Basi sisemi vitabu hivi viondolewe maktabani. Anayevipenda na avisome, wala asione haya. Nasema tu kwamba mtu akisoma hadithi ya mapenzi, iwe ya Marekani au ya kwetu, ajiulize: katika mapenzi haya ni nani amelipa, na amelipa nini? Akiona hakuna aliyelipa, ajue ameonyeshwa pipi, hajaonyeshwa chakula. Nasi tulio karibu kutoka shuleni, tutakaooa na kuolewa si miaka mingi ijayo, twahitaji chakula.

Aliye na maoni mengine na aandike. Nitafurahi zaidi kama atakuwa mmoja wa wakubwa wetu waliovisoma vitabu hivi vilipokuwa vipya, naye sasa ana mke na watoto. Atuambie kama bado aviona vitamu.

Mwanafunzi wa S.6