Reli Nyembamba Katika Darasa la Ufipa

Mtoto wa shule ya msingi katika uwanda wa juu wa Ufipa hukutana na treni mapema sana katika masomo yake. Huikuta katika hesabu za mwendo, ambamo treni huondoka stesheni moja saa fulani na kufika nyingine saa fulani. Huikuta katika ramani ya nchi yake, na huikuta tena katika habari za ukoloni na za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Lakini treni yenyewe aghalabu hajapata kuiona. Mji wa Sumbawanga hauna reli. Mwenye kutaka kuiona hana budi asafiri zaidi ya kilomita 200 kwenda kaskazini hadi Mpanda, au zaidi ya kilomita 200 kwenda kusini-mashariki hadi Tunduma. Basi mtoto huyu hukokotoa mwendo wa kitu ambacho kwake ni neno tu, na akipata jibu sahihi sisi walimu tunaridhika.

Kwa maoni yetu, hatupaswi kuridhika. Tunaamini kwamba kila mwanachuo anayejiandaa kufundisha mahali pasipo reli afaa kujifunza kutengeneza modeli ya reli nyumbani kwake, kwa mikono yake, na kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake. Tunaamini pia kwamba, akiisha kuitengeneza, asiipeleke darasani ikiwa imekamilika. Neno hili la pili ndilo litakalopingwa, nasi tutalieleza baada ya kuitazama kazi yenyewe.

Kwanza tuzijue reli zilizo karibu nasi. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Upana wake, yaani nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja na cha pili, ni milimita 1,000. Tawi lake litokalo Kaliua kwenda Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na upana wake ni milimita 1,067, sawa na ule wa reli za kusini mwa Afrika ilizokusudiwa kuungana nazo. Zote mbili huhesabiwa kuwa reli nyembamba, kwa kuwa upana uliozoeleka zaidi duniani ni milimita 1,435. Huo ndio upana wa reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024.

Hivyo Sumbawanga iko kati ya reli mbili ambazo upana wake hutofautiana kwa milimita 67, pungufu kidogo ya upana wa vidole vinne vya mtu mzima. Mwalimu awaulize wanafunzi wake swali hili: kama reli ya Mpanda ingeletwa hadi hapa kwetu, na ya Tunduma nayo ikaletwa hadi hapa, je, behewa lingeweza kupita moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi wa pili? Jibu si la kubuni. Huko Kidatu, mkoani Morogoro, reli hizi mbili hukutana, na shehena hulazimika kuhamishwa kutoka mabehewa ya reli moja hadi ya nyingine. Vidole vinne tu vinatosha kuusimamisha mzigo wote. Mtoto akiambiwa jambo hili ataliandika katika daftari na kulisahau. Akiwa na vipande viwili vya reli alivyovitengeneza mwenyewe, kisha akashindwa kulipitisha gari lake kutoka kimoja hadi kingine, hatalisahau.

Sasa tuingie katika utengenezaji. Tunapendekeza skeli ya 1 kwa 20, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na vifaa vyake havihitaji ufundi wa sonara. Kwa skeli hiyo reli ya Mpanda huwa na upana wa sentimita 5 kamili, reli ya TAZARA huwa na sentimita 5 na milimita 3 na ushei, na reli mpya ya Dodoma huwa na zaidi kidogo ya sentimita 7. Taruma lenye urefu wa mita 2 huwa kijiti cha sentimita 10. Mataruma yakipangwa kila baada ya sentimita 3, reli ya modeli yenye urefu wa mita 3 itahitaji vijiti 100. Katika darasa la watoto 50, kila mtoto atakata viwili, na asiyekata kwa kipimo ataiona taruma yake ikichomoza nje ya mstari mbele ya wenzake wote. Hapo kipimo kimeacha kuwa amri ya mwalimu, kimekuwa haja ya kazi.

Vyuma vya reli vinaweza kuwa fito nyembamba za mbao zilizopigwa randa, au waya mnene ulionyooshwa. Mabehewa yanaweza kuwa ya mabua ya mahindi, ya mabati ya makopo, au ya vipande vya mbao vinavyotupwa na maseremala. Makopo yakikatwa, kingo zake zikunjwe na kupondwa, kwani bati hukata kidole upesi kuliko kisu. Watoto wa Ufipa, kama watoto wengine wa nchi yetu, tangu zamani hujitengenezea magari ya waya yenye magurudumu ya soli za kandambili, na mafundi hao wadogo hawana haja ya kufundishwa namna ya kukunja waya. Tena nchi hii ina urithi wake wa chuma. Wahunzi wa Kifipa walijenga matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, wakayeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe hata katika miaka ya ukoloni. Mwalimu anayelitaja jambo hilo siku ya kuanza kazi huwaonyesha watoto kwamba wanaendeleza ufundi wa kwao.

Gurudumu ndilo somo kubwa la sayansi katika kazi hii. Gari la waya lina usukani, treni haina. Mtoto anayetengeneza treni yake ya kwanza atauliza usukani ukae wapi, na mwalimu asiharakishe kumjibu. Amwache aweke magurudumu bapa ya kandambili juu ya reli, aone jinsi yanavyoteleza na kuanguka pembeni. Kisha waichunguze picha ya gurudumu la treni. Wataona kwamba lina ukingo upande wa ndani unaolizuia lisitoke relini. Mwalimu awaeleze pia kwamba uso wake umechongwa ukawa mwembamba kidogo upande wa nje, na kwamba magurudumu mawili yamekazwa katika ekseli moja yakazunguka pamoja. Baada ya hapo watoto wachonge magurudumu ya mti yenye kipenyo cha sentimita 4, na kila moja ligongelewe kwa ndani kisahani cha bati kilicho kipana kuliko lenyewe. Behewa likiisha kushika njia, reli yenyewe imekuwa usukani, na watoto wameligundua jambo hilo kabla halijatajwa.

Somo la mwisho ni la mwinuko, nalo kwa watu wa Ufipa lina uzito wa pekee. Lazeni ubao wa mita 1 wenye reli juu yake. Fungeni behewa kwa uzi, upitisheni uzi huo juu ya ukingo wa meza, na mwishoni mwake mning'inize kopo dogo. Tieni mchanga ndani ya kopo kijiko kimoja kimoja hadi behewa litakapoanza kwenda, mkihesabu vijiko. Kisha inueni ncha ya ubao kwa sentimita 2, halafu kwa sentimita 10, na kila mara mhesabu upya. Watoto wataona kwamba juu ya tambarare vijiko vichache vinatosha, na kwamba kila ubao unapoinuka mchanga unaohitajika huongezeka sana. Hapo ndipo watakapofahamu kwa nini wajenzi wa reli huogopa mwinuko unaozidi mita 2 hivi kwa kila mita 100 za njia.

Baada ya jaribio hilo watoto watazame nje ya dirisha. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, na bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, liko kwenye mita 800 hivi. Kila upande, basi, kuna mteremko wa kiasi cha mita 1,000. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kukokotoa kwamba treni, ikipanda mita 2 kwa kila mita 100, itahitaji kilomita 50 za kupanda tu bila kupumzika. Mtoto aliyepata kuteremka kwa miguu kwenda bondeni anajua mteremko ule ulivyo mkali, na atatambua kwamba reli isingeweza kuifuata njia yake. Hesabu, jiografia na maisha ya kijijini kwake vimekutana katika swali moja.

Hapana budi kukiri kwamba modeli ina mipaka yake. Kwa skeli tuliyoichagua, tawi la Kaliua hadi Mpanda lingekuwa na urefu wa kilomita 10 na nusu, na hakuna darasa litakaloweza kulipokea. Watoto wafanye hesabu hiyo wenyewe, kisha waamue lipi litengenezwe na lipi liachwe: pengine stesheni moja, daraja moja na kipande kimoja cha tuta. Hata watu wazima wanaotengeneza modeli za reli kwa kujifurahisha majumbani mwao hukutana na tatizo hili. Uingereza wengi wao hutumia skeli ya 1 kwa 76 na ushei juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5, ingawa hesabu hudai karibu milimita 19. Huko New Zealand, ambako reli za nchi zina upana wa milimita 1,067 kama TAZARA, wako watengenezaji waliochagua skeli ya 1 kwa 64, kwa kuwa humo reli hiyohiyo ya milimita 16.5 inakaribia sana kipimo cha kweli. Wanafunzi wetu wapewe namba hizi wazipime. Watajua kwamba kila modeli husema kweli katika mambo fulani na hupunja katika mengine, na kwamba msomi ni yule ajuaye ni wapi inapopunja.

Sasa turudi kwenye neno letu la pili. Sote tunafahamu desturi iliyojengeka wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo hukesha akitengeneza zana nzuri, au humlipa fundi amtengenezee; huileta darasani siku anayotembelewa na mkufunzi; watoto huambiwa waitazame bila kuigusa; kisha zana hufungiwa kabatini. Alama hutolewa kwa kupendeza kwake. Zana ya namna hiyo imemfundisha mtu mmoja tu, naye ni yule aliyeitengeneza. Ikiwa aliitengeneza fundi, haikumfundisha hata mwanachuo.

Hii ndiyo sababu tunasema mwalimu atengeneze modeli yake nyumbani, kwanza na peke yake. Humo atajua fito ipi hupinda ikilowa, ukingo wa gurudumu uwe na kimo gani, na kazi ipi huchukua saa nzima ambayo yeye aliiandikia dakika 10 katika andalio la somo. Akiisha kuyajua hayo, modeli yake na ibaki nyumbani. Darasani apeleke vifaa, vipimo na maswali. Reli itakayotengenezwa na watoto itakuwa na mapengo, na behewa lake litaanguka mara nyingi, lakini kila anguko litakuwa na sababu wanayoweza kuitafuta kwa rula.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi, kwamba madarasa yana watoto wengi mno, na kwamba mtihani hauulizi juu ya mabua ya mahindi. Hoja hizi si za kubezwa. Mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kutengeneza treni kila wiki, wala hatumshauri hivyo. Lakini vipindi vinne au vitano katika muhula mmoja, vikigawanywa kati ya hisabati, sayansi na jiografia, haviibi muda wa masomo hayo, kwa kuwa uwiano, msuguano na usomaji wa ramani ni mada zilizomo ndani yake. Ama mtihani, ni kweli kwamba huuliza treni itafika saa ngapi. Mtoto aliyewahi kuisukuma treni juu ya reli aliyoipima mwenyewe atajua anaulizwa nini.

Ndugu wanachuo, wengi wenu mtapangiwa shule za Nkasi, Kalambo na vijiji vya Sumbawanga, mahali ambapo honi ya treni haisikiki. Likizo ijayo tafuteni ubao, waya na makopo, mkaanze na gurudumu moja lenye ukingo. Na wale miongoni mwetu tunaokuja kuwatazama mkifundisha tujifunze kuuliza swali jingine. Badala ya kuuliza zana hii imependeza kiasi gani, tuulize ni mikono ya watoto wangapi iliyoitengeneza.