Sala Zisizo na Utanzu: Wanawake, Wimbo na Ibada katika Karatu na Ngorongoro

Mwaka 1904 afisa wa jeshi la Kijerumani, Moritz Merker, alichapisha mjini Berlin kitabu kiitwacho Die Masai, ambamo alidai kwamba Wamaasai na Waisraeli wa kale walikuwa na asili moja. Ushahidi wake ulikuwa masimulizi ya uumbaji, ya gharika na ya amri za Mungu, ambayo aliyaona yanafanana mno na yale ya Biblia. Dai hilo halina tena watetezi miongoni mwa wanazuoni. Hata hivyo, aina ya swali alilouliza Merker haijafa. Kwa majirani wa Wamaasai, yaani Wairaqw wa Mbulu na Karatu, swali hilohilo limechukua sura ya safari ndefu kutoka Iraki, na Rekdal (1998) ameonyesha jinsi dhana iliyozuka maandishini ilivyorudi vijijini na kuwa hadithi ya asili inayosimuliwa na wenyeji wenyewe. Katika yote hayo kinachotafutwa ni ukoo, njia ya uhamaji na sheria. Wanawake hawamo, ila kama mama zao fulani.

Ulinganisho na Wayahudi unaweza kuwa na manufaa, lakini si pale ulipowekwa na Merker. Dini ya Kiyahudi nayo ina historia ndefu ya kusikiliza upande mmoja wa hekalu. Ni kweli kwamba Biblia humtaja Miriamu akishika tari na kuwaongoza wanawake kwa wimbo baada ya kuvuka bahari (Kutoka 15), na kwamba marabi walichota kanuni za sala kutokana na Hana, aliyesali kwa midomo bila sauti kusikika. Lakini wanawake wa Ulaya ya Mashariki waliokuwa wakisali kwa Kiyidishi, lugha ya nyumbani, kwa kutumia vitabu vidogo vya sala ziitwazo tkhine vilivyoenea tangu karne ya 17, hawakuhesabiwa kuwa na teolojia. Sala hizo zilihusu kuwasha taa za Sabato, kukanda unga, mimba na kujifungua. Ilibidi kungoja hadi mwishoni mwa karne ya 20, hasa utafiti wa Weissler (1998), ndipo zisomwe kama fikra kuhusu Mungu na si kama vijitabu vya akina bibi.

Jambo la kutazamwa hapa ni tendo. Mwanamke wa Kiyahudi hutenga kipande cha unga kabla ya kuoka mkate, na kipande hicho huteketezwa. Mwanamke wa Kimaasai akamuapo alfajiri hunyunyiza maziwa kidogo kwa ajili ya Enkai, huku akiomba. Hakuna haja ya kubuni babu mmoja ili kueleza mfanano huo. Wote wawili wamekabidhiwa chakula cha watu wa nyumbani mwao, na wote wawili wamekifanya chakula hicho kuwa madhabahu. Wote wawili pia wamepatwa na jambo moja mikononi mwa wachunguzi: tendo lao limeandikwa chini ya kichwa "desturi za nyumbani", wakati kafara ya wazee wa kiume imeandikwa chini ya kichwa "dini".

Hodgson (2005), katika kitabu chake kuhusu Wamaasai wa Tanzania na wamisionari wa Kikatoliki, anaeleza matokeo ya kosa hilo. Mapadre walikwenda kuwatafuta wanaume, kwa kuamini kwamba mwenye boma akibatizwa boma zima litamfuata. Waliojaa kanisani walikuwa wanawake. Hawakuja kutafuta dini kana kwamba hawakuwa nayo. Walikuja kama watu waliozoea kusali kila siku na waliojiona wako karibu zaidi na Enkai kuliko waume zao.

Wataalamu wa Kiswahili hawana budi kujiuliza kama zana zao ni bora kuliko za mapadre hao. Mgawanyo wa tanzu za fasihi simulizi uliopendekezwa na Mulokozi (1989), ambao umewalea wanafunzi wengi na unaostahili heshima yake, hutenga mazungumzo, masimulizi, maigizo na ushairi. Sala isemwayo itapata makao katika mazungumzo, na wimbo utapata makao katika ushairi. Je, maombi yanayoimbwa na kundi la wanawake wanaokwenda pamoja kuomba uzazi, wakiwa wameshika majani mabichi, yatawekwa wapi? Mwanafunzi aliyezoezwa vema atayakatakata: maneno atayapeleka ushairi, hatua za miguu atazipeleka maigizo, majani atayaacha njiani. Kitakachobaki katika tasnifu yake ni "nyimbo za wanawake", na chini yake orodha ya tashbihi na takriri. Kwamba wanawake wale walikuwa wakimwambia Mungu jambo, na walitarajia kujibiwa, hakutaonekana popote.

Tatizo la pili ni la tafsiri, na ni zito zaidi. Jina Enkai lina kiambishi cha jinsi ya kike, en-. Looa wa Wairaqw, ambaye jina lake ni la jua pia, hufahamika kuwa wa kike na mwema kwa watu, tofauti na pepo wa majini, neetlaamee, wanaoogopwa. Majina hayo yakiingia katika Kiswahili huwa "Mungu", na kitenzi huanza na a-, kisichobagua mke na mume. Kwa upande mmoja Kiswahili kina neema hapa: hakimlazimishi mfasiri kumfanya Mungu mwanamume, kama Kiingereza na Kijerumani vilivyozoea kufanya. Kwa upande mwingine, kinafuta kile ambacho muimbaji hakukificha, na nafasi iliyoachwa wazi hujazwa upesi na "Baba" wa kwaya za makanisa. Bila shaka sarufi peke yake si teolojia. Nomino nyingi za kike hazina uke wowote ndani yake. Lakini Wayahudi wenyewe wanatoa onyo dhidi ya kulipuuza jambo hili, kwani neno la Kiebrania Shekina, yaani uwapo wa Mungu, ni la kike kisarufi, na wanatasawufi wao walijenga juu ya uke huo fundisho zima. Mfasiri wa wimbo wa Kiiraqw aandike "Looa", aliache jina hilo kama lilivyo, kisha aeleze. Neno "Mungu" pekee halitoshi.

Huko bondeni, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wana ibada ya epeme, ambayo mara nyingi imeelezwa kuwa ni ya wanaume kwa sababu nyama takatifu ni yao. Hata hivyo ngoma ya epeme huchezwa usiku usio na mbalamwezi, bila moto, mwanamume mmoja mmoja akicheza na njuga mguuni, na wanaoimba gizani ni wanawake. Bila sauti zao hakuna ngoma. Tena, kisa cha Mambedaka, kinachohusishwa na maitoko, ibada ya wasichana, humhusu mwanamke mzee aliyewinda punda milia na kuitwaa nyama hiyo kama mwanamume. Power (2015) amependekeza kwamba maitoko na epeme zisomwe kama pande mbili za jambo moja. Mtafiti aendaye na taa na kamera ataharibu matini kabla hajairekodi. Na zile ngoma za mchana zinazochezwa mbele ya watalii wa Mang'ola zisidhaniwe kuwa ndizo hizo.

Kuna watakaosema kwamba kazi hii ni ya wanaisimu wa lugha hizo au ya wanaanthropolojia, wala si ya idara ya Kiswahili. Hoja hiyo ni dhaifu. Hadithi za Wairaqw zilikwisha kuchapishwa kwa Kiswahili na Kamera mwaka 1978, na hakuna aliyelalamika kwamba mipaka ya taaluma imevukwa. Kama hadithi za sungura na fisi ziliruhusiwa kuvuka, ni ajabu kuzizuia sala.

Tena muda si mwingi. Wakazi wa ndani ya kreta walihamishwa mwaka 1974. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimehamishwa kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali hueleza kuwa uhamaji huo ni wa hiari, na wakazi wengi waliobaki hupinga. Vyovyote iwavyo, Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu ambao wanawake wasio na watoto wamekuwa wakiuendea kuomba, hauhamishiki, wala mti wa oreteti ambao chini yake watu husali. Namna wimbo unaoelekezwa mlimani unavyoimbwa mahali ambapo mlima hauonekani ni swali la fasihi, na linaweza kuchunguzwa sasa, wakati waimbaji waliojifunza maombi hayo Endulen na Nainokanoka wangali hai. Mwanafunzi atakayelichukua aanze na akina mama hao, awaombe idhini wao wenyewe badala ya kuiomba kwa waume zao, aandike jina la kila fanani aliyekubali kutajwa, na akubali kuambiwa kwamba sala fulani hairekodiwi. Kisha aende na Msomera.