Mbwa wa Mgeni na Mtumishi wa Jangwani

Hapa Jangwani na Kariakoo yakizungumzwa mambo ya wageni wanaohamia Dar es Salaam pamoja na mbwa wao, neno la kwanza litakalosikika barazani ni kwamba Wazungu humthamini mbwa kuliko mtu. Husemwa kwa uchungu, na waliokaa wote huitikia. Kisha hufuata la pili: mbwa ni najisi, basi mazungumzo yamekwisha. Sisi twasema kwamba la kwanza ni nusu ya kweli, na la pili limegeuzwa kichaka wanamojificha wavivu na makatili.

Uchungu wa neno la kwanza una asili yake. Waingereza walipoutawala mji huu waliugawa kanda tatu. Kariakoo ikawa ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Mbwa alikaa upande wa pili, Uzunguni, nyuma ya ua. Kwa mzee wa Kariakoo aliyekwenda huko kutafuta kibarua, mbwa yule alikuwa ni mlango uliofungwa. Hata leo pita Oysterbay na Masaki uyatazame mageti: "MBWA KALI". Miaka yote hiyo, na hata ngeli hawajaipatia!

Lakini hebu tutazame mgeni wa leo anafanya nini kabla mbwa wake hajakanyaga uwanja wa ndege. Huomba kibali cha serikali cha kumwingiza mnyama nchini. Humpeleka kwa daktari wa mifugo apimwe na kuandikiwa cheti cha afya. Humchanja kichaa cha mbwa, na cheti cha chanjo kikafuatana naye. Jee, ni mbwa gani wa mtaani kwetu aliyetimiziwa hata moja katika hayo?

Hapo ndipo neno la barazani linapotugeukia sisi wenyewe. Maana chanjo ile, ijapokuwa hupigwa mbwa, anayekingwa nayo ni mtoto wa mtu. Wataalamu wamekadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na katika hao wapatao 1,500 ni wa Tanzania. Karibu wote waliumwa na mbwa, na wengi ni watoto. Aliyeumwa akioshwa jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha akakimbizwa hospitali kuchanjwa, huokoka. Akingojewa mpaka aanze kuogopa maji, hapana dawa. Na wataalamu hao hao wanasema kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukatika. Chanjo yenyewe si jambo jipya: Louis Pasteur alimtibu nayo mtoto wa kwanza mwaka 1885. Basi anayemthamini mbwa wake hata akamchanja, huyo amewathamini majirani zake, akijua asijue. Na anayesema "mimi sishughuliki na najisi" amemwacha mwanawe bila ngao.

Tuingie katika hiyo najisi. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, yasema kwamba mbwa ni najisi, na chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik, kama wale wa Sudan na Maghribi, husema kuwa mbwa aliye hai ni tohara. Hatukukusudia hapa kuamua baina ya maimamu. Tunalosema ni kwamba hukumu hii ni ya maji na udongo. Mawe yametoka wapi? Maji ya moto ya kummwagia mbwa koko anayepita mlangoni yametoka katika kitabu gani cha fiqhi? Wapo watoto wetu wanaomvunja mnyama mguu wakirudi chuoni, na mtu mzima akaona akacheka, kana kwamba ibada imetendeka. Na hali Qur'ani, katika Sura ya Al-Kahf, imemtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini mwa pango pamoja na vijana wema. Na hadithi ya Bukhari na Muslim yasimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Hatukusikia kwamba aliulizwa kwanza habari za najisi.

Watatujibu: malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Kweli, hadithi ipo, nasi hatumwiti mtu yeyote alaze mbwa kitandani. Wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa. Wa anasa hupunguza thawabu za mwenyewe. Lakini mbwa koko hulala jalalani. Nyumba yako ameiingilia wapi?

Naye mgeni asifurahi mapema, maana ana hesabu yake. Yeye si lazima afuate fiqhi yetu, lakini uadilifu unamlazimu. Humleta mbwa mwenye manyoya ya nchi ya theluji, au yule wa pua fupi ambaye hata kwao hupumua kwa shida, akamleta katika joto la Februari la Dar es Salaam. Mbwa hatoki jasho kama sisi; hujipoza kwa kuhema. Kisha kuna kupe wa huku na homa zao, na yule nzi ambaye funza wake huingia ngozini. Haya yote mwenye mbwa huyajua, maana daktari amemweleza. Asilolijua, au asilotaka kulijua, ni nani atakayembeba mbwa huyo kila siku.

Atakayembeba ni mtu wa Jangwani. Ndiye apandaye basi alfajiri kwenda Masaki kufua, kupika na kufagia, na siku moja huambiwa: na mbwa pia. Amwoshe, amtoe matembezini, amtoe kupe. Haulizwi kama ni Mwislamu. Haongezewi hata senti. Adhuhuri ikiingia nguo imelowa mate, na akikataa, kazi imekwisha. Baadhi huacha sala, wakidhani hapana njia.

Njia ipo. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, kwa Shafi hapana najisi inayohama. Kinachohama ni kilichoroa. Mtu na aweke nguo ya kusalia kando, na mahali palipoguswa na mate paoshwe kama ilivyoelezwa. Masheikh wetu wangeyafundisha haya mimbarini badala ya kumcheka mtumishi kuwa "mchunga mbwa". Na mwajiri na aulize kabla ya kuajiri, aiandike kazi ya mbwa katika mkataba, na ailipe peke yake. Asiyetaka aachwe bila kupoteza riziki.

Limebaki la kuondoka. Mkataba wa mgeni huisha, naye ataka kurudi Ulaya. Nchi za Umoja wa Ulaya humdai mbwa atokaye huku kipimo cha damu kuthibitisha kwamba chanjo ya kichaa imeshika, damu ikitolewa si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha asubiri miezi mitatu. Aliyekipima kabla ya kutoka kwao, na chanjo haikukatika, hasubiri. Ambaye hakujitayarisha hujikuta tiketi ni ya kesho na mbwa hawezi kwenda. Hapo ndipo anapomkabidhi mlinzi kamba, na mfuko wa chakula cha wiki mbili, akasema asante sana. Mlinzi ampeleke wapi? Chumba chake Jangwani ni kimoja, ana mke na watoto, na jirani yake ni yule aliyejaza mawe mlangoni.