Mambo ya Nyumbani: Rangi za Arusi

Siku hizi ni nadra kuona kadi ya arusi isiyotaja rangi. Majina ya bwana arusi na bibi arusi yakiisha kuandikwa, na saa, na kanisa, hufuata mstari mmoja mfupi wa kuwaarifu wageni kwamba watavaa rangi fulani na fulani. Aliyeuandika hudhani ameomba jambo dogo. Aupokeaye huko shambani huanza kuhesabu: kitambaa, fundi, viatu, na nauli bado.

Mkulima mmoja wa kabichi na nyanya katika vilima vya Taita alikuwa akimwoza binti yake wa kwanza, aliye karani mjini Mombasa. Marafiki wa binti waliketi kamati, wakachagua damu ya mzee na dhahabu, wakapeleka habari nyumbani kwa simu. Rangi zenyewe hazikuwa na kosa. Damu ya mzee humpendeza sana mtu mweusi, nayo haionyeshi upesi vumbi jekundu la Voi, ambalo huharibu pindo za nguo nyeupe hata kabla watu hawajashuka garini. Kosa lilikuwa katika njia ya kuzitangaza.

Katika Kiswahili, sifa za rangi zinazofuata ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Majina mengi ya rangi nyingine yametoka katika vitu: kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, na zambarau ni lile tunda. Basi asikiaye jina la rangi hukifikiri kitu akijuacho yeye. Damu ya mzee kwa mmoja ni divai, kwa mwingine ni ini, kwa wa tatu ni tofali. Mashangazi watatu wakaenda maduka matatu, wakarudi na rangi tatu, na fundi akakataa kushika mkasi. Picha iliyokuja kwa simu ya mkononi haikusaidia, kwani kioo cha simu hii hung'aa kuliko cha ile.

Ingefaa kupeleka kipande cha kitambaa chenyewe, hata kama ni cha upana wa vidole viwili, nacho kitazamwe nje mchana, si chini ya taa ya duka. Tena kitambaa cha watu wengi yafaa kikatwe katika jora moja. Majora mawili yaliyotiwa rangi siku mbali mbali huweza kutofautiana, ingawa kiwanda ni kimoja.

Lakini hayo ni mambo ya macho tu. Shangazi wa nne, dada mkubwa wa mkulima, hakwenda duka lo lote. Alimtuma mtoto aseme kwamba mguu unamwuma, hataiweza safari. Jioni mkulima alimwendea, akamkuta akipalilia mahindi.

"Dada, mguu huu wauma kwa arusi tu, kwa jembe hauumi?"

"Ndugu yangu, fedha niliyo nayo ni karo ya mjukuu. Nikija na gauni langu la buluu katikati ya wenzangu nitaonekana kama mtu aliyepotea njia. Heri nikae."

Huyo ndiye aliyemlea binti yule miaka miwili, mamaye alipokuwa mgonjwa. Mkulima alirudi nyumbani, akampigia binti simu. Hakumwambia abadili neno. Alimwambia tu ni nani asiyekuja. Binti alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kesho yake ataingia mtaa wa Biashara mwenyewe.

Katika mtaa huo wa Mombasa huuzwa leso, ambazo kwingine huitwa kanga. Binti alichagua kisutu, leso yenye nyekundu, nyeupe na nyeusi, ambayo tangu zamani ni nguo ya bibi arusi katika pwani ya Waswahili. Leso huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, hivyo wanawake wawili waligawana doti moja, kila mmoja akajifunga kipande chake juu ya gauni lo lote alilo nalo. Mkulima alilipia zote kwa fedha ya kabichi. Mama mmoja alinung'unika kwamba nyeusi ni ya matanga; akaelezwa desturi ya pwani, akanyamaza, ingawa si kwa kuridhika.

Anunuaye leso za jamaa nzima na asome maandishi kwanza. Ziko leso nyingi zenye maneno makali yaliyokusudiwa majirani na wake wenza, na kuwavisha mashangazi wote maneno hayo mbele ya wakwe si mzaha.

Binti mwenyewe alivaa gauni jeupe, desturi iliyoenea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa katika nguo nyeupe mwaka 1840. Hapo kwanza wengi wa Ulaya waliolewa katika nguo yo yote iliyo nzuri. Kamati ilipewa dhahabu yake katika utepe wa keki, ikatulia. Turubai lilichaguliwa jeupe, na hilo lilikuwa shauri jema, kwa maana mwanga upitao katika turubai la kijani huwafanya watu waonekane wagonjwa katika picha.

Siku ilipofika shangazi alitangulia wote, gauni la buluu mwilini na kisutu kiunoni, akaketishwa karibu na mama wa binti. Jumatatu asubuhi alikuwa tena katika mahindi yake, na kile kisutu kimemfunga mjukuu mdogo mgongoni.